Mwanangu Ananiita Fundi

Mshauri wetu, shikamoo kama umri unaruhusu, na kama hauruhusu basi pokea salamu tu. Mimi si mtu wa kuandika kwenye magazeti, tena nikisoma ukurasa wako huwa nawacheka wanaoandika, nasema huyu naye hana ndugu wa kumweleza shida zake, lakini leo nimekaa karakana kwenye kochi la mtu, naandika, kwa sababu ndugu ninao, nimewaeleza, kila mmoja amenipa lake na hakuna mawili yaliyofanana, na huku kuna watu wanataka kunichukulia mtoto.

Nikueleze kwanza mimi ni nani. Ni fundi makochi. Navua kitambaa cha zamani, naamsha springi zilizolala, naweka sponji mpya, navalisha upya, na kochi likitoka kwangu, mwenye nalo huwa anazunguka mara mbili akilitafuta. Sijisifu, nakueleza tu unijue. Karakana nachangia na mzee mmoja seremala anayetengeneza fremu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi, na vyumba ninavyoishi na mwanangu viko nyuma hapohapo, ukifungua mlango wa uani umefika.

Mtoto aliletwa hajaanza hata kukaa. Mama yake na mimi hatukuoana, tulipendana, tukachokana, akarudi kwao na mimba yake, akajifungua, mimi nikawa naenda kuwaona siku za mapumziko, namshika mtoto muda wa kupiga picha kisha narudisha. Basi asubuhi moja nimepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, misumari midogo imejaa mdomoni, maana ndivyo tunavyofanya sisi ili mikono ibaki na kazi, nikamwona mama yake ameingia na mtoto begani, akasema amepata kazi mbali, kazi ya kulala hukohuko, mama yake mgonjwa hawezi kulea, na huyu ni wako kama alivyo wangu. Mimi na misumari yangu mdomoni nikawa natikisa kichwa kumwambia hapana, subiri kwanza, na yeye akaona nimekubali. Mpaka nimeitema yote kiganjani, mtoto yuko juu ya kochi, mfuko wake uko chini, na mwenzangu ameshafika barabarani.

Sikujua kitu, Mshauri, nisikufiche. Nepi ya kwanza niliifunga kwa namna ninayokaza kona ya kochi, ikakaa vizuri haina mkunjo hata mmoja, na mtoto akalia mpaka jirani yangu, mama muuza vitambaa, akaacha mteja akaja kuuliza nimemfanya nini kiumbe wa watu. Akaifungua, akacheka, akasema, "Fundi, huyu havalishwi kama stuli, huyu anapumua." Huyo mama ndiye aliyenionyesha kushika shingo, kupima maji kwa kiwiko, kumpiga mgongo taratibu baada ya maziwa. Mzee seremala alikohoa tu, kesho yake nikakuta kitanda cha mtoto kimesimama mlangoni kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na mimi nikakitia sponji nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, ile ninayowawekea wateja wanaolalamika. Alipopata homa nilikaa naye zahanati mpaka muuguzi akaniuliza kwani huyu hana mama, nikamjibu anaye fundi.

Basi akakua. Tunamwita Pini, kwa sababu alikuwa mdogo na ukitaka kujua alipo utajua kwa kuchomwa. Anakwenda chekechea sasa. Nguo zake nashona mwenyewe, na fundi makochi atashona kwa nini kama si kwa kitambaa cha makochi, kwa hiyo akaenda shule na gauni la mahameli ya kahawia, zito, lisilopauka, na watoto wenzake wakamwita Kochi. Mwalimu akaniambia alidhani atalia, akasikia Pini anawajibu, "Ndiyo, kochi, tena la watu watatu." Siku hiyo nilifanya kazi huku natabasamu peke yangu, mzee seremala akaniuliza kama nimeokota kitu. Huyo ndiye mwanangu, Mshauri. Nimemlea mimi, kwa mikono hii, na ukimwona huwezi kusema amepungukiwa.

Sasa jambo lenyewe. Neno lake la kwanza lilikuwa Ndi. Halafu likawa Fundi. Hapa kila mtu ananiita Fundi, seremala, jirani, wateja, hata mwalimu wake, na yeye akachukua hilohilo. Na wateja nao, si unajua adabu ya kazi, mtu akiingia ni mwanamume unamwambia karibu baba, kaa baba, ni mwanamke karibu mama, jaribu hili mama, hata awe kijana ambaye wembe haujamgusa kidevu, akija na kochi ni baba. Pini amekulia hapo. Mtu akifika mlangoni kabla sijainua kichwa utamsikia, "Karibu baba, kaa huku, hapo gundi haijakauka." Wateja wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Kwa hiyo kwake yeye baba ni mtu anayeingia na kochi, anangoja, anachukua kochi lake anakwenda zake, na anayebaki ni Fundi. Huko shule wenzake wakisema baba yangu, yeye husema Fundi wangu.

Dada yangu mkubwa alinionya zamani, akasema mrekebishe huyo mtoto, nikamwambia mwache. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona fahari. Baba anaitwa kila mtu, hata asiye na mtoto, lakini fundi huitwi bure, lazima kazi yako ionekane. Mtoto akiniita Fundi nasikia amenipa cheo.

Mwaka huu mama yake akarudi. Ameolewa, ana nyumba ya geti, ana mume mpole mwenye shati lililonyooka mpaka mikononi. Alikuja hapa karakana. Sikumfukuza, Mshauri, usije ukadhani mimi ni mtu wa fujo. Nilimwambia Pini msalimie mama, Pini akasalimia vizuri kabisa, karibu mama, kaa hapa mama, akakaa, akawa anamwangalia mtoto machozi yanamtoka, na Pini akaja kuninong'oneza huyu mama kochi lake limeharibika wapi. Nikaendelea na kazi yangu. Sikudanganya neno hata moja. Akaja tena, ikawa vilevile. Safari ya tatu nikamwambia hapa ni mahali pa kazi, na yeye ndipo akaenda ustawi wa jamii kudai mtoto. Sasa mtu anaondoka mtoto hana jino, anarudi mtoto anajibu watu, anasema wangu. Kuzaa si kazi, kazi kulea, hilo hata asiyekwenda shule analijua.

Tukaitwa ofisini. Afisa ni mama mmoja wa makamo, sauti ya chini, hana ubaya. Nilimvalisha Pini gauni jipya la maua, jirani alimsuka, tukaingia tumependeza. Mama yake na mumewe walikuwa wameshakaa. Yule bwana kuona mtoto anaingia akainuka ampishe kiti, kistaarabu tu, na Pini akamtazama shati, akamtazama viatu, akamwambia, "Karibu baba. Kaa tu, baba."

Yule bwana akaweka mkono kifuani. Mama yake akaanza kulia, akasema damu inajua. Damu ya nani na yule mtu wamekutana leo? Afisa akaandika. Kisha akaninyooshea kidole mimi, akamuuliza Pini, "Na huyu ni nani?"

"Huyu Fundi."

"Fundi wa nani?"

"Wa watu wote."

"Na baba yako ni yupi?"

Pini akafikiri, maana yeye akiulizwa hufikiri, akasema, "Baba wako wengi. Wengine wakishaondoka hawarudi."

Ningeweza kusema, Mshauri. Maneno mawili yangetosha. Lakini nilimwangalia yule bwana na mkono wake bado uko kifuani, damu ikanipanda, nikasema moyoni hivi mimi nianze kujieleza kwa watu hawa kwamba mimi ni baba wa mtoto wangu, mimi niliyekesha naye, nijitetee kama mwizi? Nikasimama, nikambeba Pini, nikawaambia andikeni mnachotaka. Nikatoka. Pini akawaaga kutoka begani kwangu, "Karibuni tena."

Sasa imeletwa taarifa kwamba Alhamisi turudi, kila mmoja aseme lake, na kabla ya hapo Jumamosi mama yake aje akae na mtoto kidogo. Jumamosi ilipofika nilifunga karakana nikaenda na Pini kununua sponji upande wa pili wa mji. Dada yangu amehamia hapa kabisa, anamfundisha mtoto kutwa, sema baba, huyu ni baba, muite baba. Pini akamuuliza kwani Fundi ana kochi. Lakini mtoto ni mtoto, ukimsukuma anakwenda, na jana nimeingia ndani nimebeba fremu akaniambia, "Pita baba," akasogea ukutani, akanipisha njia kama mgeni. Hapo iliniuma, Mshauri. Nimewahi kupigilia nyundo kidole mpaka kucha ikatoka, haikuniuma vile.

Shemeji yangu, mume wa dada, yeye anasema nisingoje hiyo Alhamisi, nifunge vifaa vyangu nihame na mtoto, ana rafiki mji mwingine mwenye karakana tupu. Nimeanza kuhesabu sindano na mikasi, sikufichi. Naomba msaada wako. Niendelee kumfundisha mtoto aniite baba, au nihame, au niende Alhamisi nikae nisikie wanavyoniamulia? Mimi sijazoea kubembeleza mtu. Lakini Pini siwezi kumtoa.

Ni mimi,
Fundi Makochi


JIBU

Fundi, marahaba. Umri unaruhusu, na suala la umri liishie hapo.

Kwanza nikupe haki yako, kwa sababu nadhani hakuna aliyekupa. Uliletewa mtoto bila kuulizwa vizuri, hujui nepi hujui maziwa, na hukumpeleka kwa shangazi yake ukaenda zako, jambo ambalo wanaume wengi wanaoniandikia hapa wangelifanya kabla ya saa sita mchana. Ulijifunza. Ulikubali kuchekwa na jirani, ukafundishika. Na mtoto anayeitwa Kochi na wenzake akawajibu la watu watatu, huyo amelelewa mahali ambapo hakuna aliyemfanya ajione mdogo. Jivunie, baba wee, ni halali yako. Mimi nisiyekujua nimejivuna kwa niaba yako, na barua yako nimewasomea wenzangu ofisini.

Sasa kaa vizuri, maana mengine hutayapenda.

Unaniambia umesalitiwa na neno. Sivyo. Pini hakukosea kitu pale ofisini, alimkaribisha mgeni kama alivyofundishwa nyumbani kwake. Yule bwana naye hana kosa, amekaribishwa, akakaribika. Afisa aliandika alichosikia, na lugha ya karakana yako angeijulia wapi? Katika chumba kile alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kwamba kwa Pini baba maana yake ni mteja, na mtu huyo akainuka akaondoka na maelezo yake begani pamoja na mtoto. Hasira hasara, Fundi. Uliwaachia nusu ya habari, na mtu akiachiwa nusu hujijazia iliyobaki.

Halafu hili la kuzaa si kazi, kazi kulea. Methali hiyo naisikia sana, na sijawahi kuisikia kwa mtu aliyetoka leba siku hiyo. Iache. Kulea ni kazi, umeifanya, tunaiona. Kuzaa nako ni kazi, waulize waliozaa. Aliondoka, ndiyo, na namna alivyoondoka haikuwa sawa, na hilo una haki ya kulisema Alhamisi kwa sauti ya kawaida, bila matusi na bila kumtazama mumewe. Lakini amerudi kwa miguu yake, akaja mlangoni kwako mchana kweupe, akakaa alipoambiwa akae. Mtu mbaya haji hivyo.

Na hapo ndipo nina ugomvi na wewe. Unaniandikia, tena kwa kujiamini, kwamba ulimwambia Pini amsalimie mama na hukudanganya neno hata moja. Fundi. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kwamba kwa Pini neno mama maana yake ni mteja wa kike. Ulilijua hilo ulipolitamka. Ulimkalisha mwanamke mbele ya binti yake, ukamwacha binti aulize kochi lake limeharibika wapi, ukaendelea kupigilia misumari. Kisha ofisini neno lilelile likageuka likamwangukia mwenye nalo, na leo unalia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Siku ile hukuwa na misumari mdomoni, ulinyamaza kwa kupenda.

Sikusemi ili nikuumize. Nakusema kwa sababu Alhamisi utaulizwa kama umemwambia mtoto mama yake ni nani, na itabidi uwe na jibu la kweli.

Shemeji yako mwambie asante, halafu usimsikilize tena. Leo wewe ni baba aliyemlea mtoto wake. Ukihama naye usiku huu, kesho wewe ni mtu aliyetoroka na mtoto, na yale maziwa, homa na magauni hakuna atakayeuliza habari zake. Tena utamwondoa Pini kwa jirani aliyekufundisha kumwogesha, kwa mzee aliyemtengenezea kitanda, kwa shule ambako ameshajitetea. Umtoe hayo yote ili umwokoe kutoka kwa nini? Kutoka kwa mama anayelia akimwona? Rudisha mikasi mahali pake.

Dada yako naye mrudishe kwake, kwa heshima, na chakula cha njiani. Anakupenda, lakini anakuharibia. Mtoto amefundishwa maisha yake yote kwamba baba hupishwa njia, sasa ukimgeuza Fundi wake kuwa baba, atakupisha njia, kama alivyofanya, na kidogo kidogo atakuzoea ukiwa mgeni. Isitoshe, akiulizwa nani kakwambia useme hivyo, atasema Shangazi, maana kwa nilivyomsoma, Pini hana mambo ya kuficha, na afisa ataandika na hilo pia. Basi ikome leo. Aendelee kukuita Fundi. Siku moja atajua maneno yote mawili, naye atachagua, na lolote atakalochagua utalisikia vizuri.

Sasa fanya hivi, na usinichagulie vya kufanya na vya kuacha.

Leo, kabla ya kesho, mpigie simu mama yake. Mwombe radhi kwa Jumamosi ile ya sponji, usiizungushe, sema tu ilikuwa vibaya. Mwambie aje kesho mchana, peke yake kwanza, na wewe uweke nyundo chini muda wote atakaokuwepo. Lakini kabla hajafika mkalishe Pini, mwambie kwa maneno mafupi kwamba yule mama aliyekuja si mteja, ndiye aliyekuzaa, alikwenda kufanya kazi mbali, sasa amerudi na anataka kukujua. Usiongeze chumvi, usipunguze. Ataanza maswali. Mengine utayajibu, mengine umwambie hilo atakujibu mama mwenyewe. Mwambie pia kwamba wewe hujaenda popote na huendi. Hilo mtoto analihitaji kuliko yote, na wewe umeshughulika na majina ukasahau kumwambia.

Alhamisi nenda mapema. Mchukue mama muuza vitambaa, aeleze alichokiona tangu nepi ya kwanza, na huyo anaonekana anajua kueleza. Mchukue na mzee seremala, hata kama atakohoa tu, kwa sababu kuna watu ambao wakikaa upande wako hawana haja ya kusema. Mwombe mwalimu wa chekechea aseme anavyomjua mtoto. Kama kuna ofisi ya msaada wa sheria unakoishi, pita hapo kabla, uliza haki zako ni zipi, mimi nakushauri mambo ya moyo, sheria ina wenyewe. Na ukiingia mwombe afisa radhi kwa ulivyotoka, kisha mweleze neno hili taratibu, jinsi wateja wanavyoitwa kwako na jinsi mtoto alivyolichukua. Akiona kama hadithi, mwalike karakana siku ya kazi, akae pembeni ya mlango asikilize mwenyewe wateja wakiingia. Ikifika zamu yake, akikaribishwa mama, kaa hapa mama, hapo gundi haijakauka, ataelewa kuliko ungemwandikia kurasa kumi.

Siwezi kukuahidi utarudi na mtoto wa peke yako. Huenda mkagawana siku, na siku ya kwanza atakapolala kule nyumba ya geti utakaa uani hujui mikono uiweke wapi. Najua. Itauma, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ni mzazi, usiombe ruhusa ya mtu kuwa hivyo. Lakini kugawana siku si kunyang'anywa. Aliyelelewa kama Pini hapotei kwa kulala nyumba mbili.

Umeniambia hujazoea kubembeleza mtu. Hakuna aliyekwambia ubembeleze, mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, kwa hiyo funua. Kosa lako la pale ofisini halikuwa kiburi peke yake. Kulikuwa na watu wazima wanne katika chumba kile, na swali gumu kuliko yote aliachiwa mtoto wa chekechea alibebe, wewe ukasimama pembeni ukingoja aseme wewe ni nani kwake. Hiyo haikuwa kazi yake, Fundi. Alhamisi zungumza mapema, zungumza wazi, na hakikisha mpaka watakapomgeukia mtoto, swali hilo limeshajibiwa, na aliyelijibu ni wewe.